Ukianza Jumatatu, Ukaacha Alhamisi

Leo hatuzungumzii malaria wala kipindupindu. Tunazungumzia ugonjwa usiopimwa kwenye maabara: ule wa kuanza jambo Jumatatu na kuliacha Alhamisi.

Nitaanza na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipimwa presha ikapatikana iko juu. Daktari akaniambia nipunguze chumvi na nitembee nusu saa kila siku. Nikanunua raba mpya, nikawatangazia watu wote nyumbani, nikaamka saa kumi na moja alfajiri siku nne mfululizo. Siku ya tano mvua ikanyesha. Raba zile zilikaa chini ya kitanda hadi panya wakazitoboa. Kilichoniuma hasa ni sauti ya moyoni iliyoniambia, "Wewe ndivyo ulivyo, humalizi kitu." Mtu akiisikia sauti hiyo mara nyingi, hata biashara anaogopa kuanzisha.

Mtaalamu wa saikolojia, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huamini anaweza jambo fulani kwa sababu nne. Kubwa kuliko zote ni kuwa amewahi kulijaribu akafaulu. Nyingine ni kumwona mtu wa hali kama yake akifaulu, kutiwa moyo na wenzake, na jinsi mwili wake unavyojisikia. Mtu aliyechoka au mwenye hofu huona kila mlima ni mrefu. Basi utaona kosa langu. Nilianza na jambo kubwa, nikashindwa, na kule kushindwa kukala hata ile imani kidogo niliyokuwa nayo.

Niliporudi mara ya pili nilianza na dakika kumi tu. Nilishuka matatu kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea. Sikuhitaji raba wala kuamka alfajiri. Kila jioni nilitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama zilipofika ishirini nilianza kuziona kama mali yangu, nikaongeza kituo cha pili.

Pengine unauliza, mazoea huchukua muda gani? Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliojizoeza jambo moja dogo kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa kadiri ilichukua siku 66, lakini wengine walihitaji siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji hata 254. Kwa hivyo usijilinganishe na jirani. Tena waligundua kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea. Mvua ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutorudi siku ya sita.

Lakini hapo nisikilize vizuri. Mazoezi si sawa na dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida humeza dawa kwa miezi sita. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu zinarudi, na hapo ndipo wengi hujiona wamepona wakaacha. Viini vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na matibabu yakawa magumu zaidi. Ukiruka siku, mwambie mhudumu wa kliniki mapema. Usione haya.

Njia moja inayosaidia ni kulifunga jambo jipya kwa jambo ulilokwisha kulizoea. Usiseme, "Nitakuwa nikimeza dawa vizuri." Sema, "Nikimaliza chai ya asubuhi, nameza tembe zangu." Mama wa sokoni aseme, "Nikifunga kibanda, kabla sijapanda matatu, naweka shilingi hamsini za chama kwenye kibuyu." Na kama chumvi ndiyo adui yako, iondoe mezani. Anayeshindana na kishawishi kila mlo atachoka siku moja.

Eliud Kipchoge tunamjua kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 alizokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, ilhali alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Aliingia marathoni, akashinda ya kwanza huko Hamburg mwaka 2013. Kambini Kaptagat alikuwa akiandika kila zoezi katika daftari, na zamu ya kusafisha choo alishika kama wenzake.

Neno moja kabla sijaondoka. Si kila anayeshindwa kuamka ni mvivu. Ukikaa wiki mbili au zaidi na huzuni, usingizi umeharibika, hata yale uliyoyapenda hayakuvutii, nenda kituo cha afya ukamweleze daktari. Hiyo ni hali inayotibika, na kukaripiwa hakuiponyi.

Kwa wiki hii, chagua jambo moja tu, dogo kiasi cha kukuchekesha. Tafuta kalamu na kalenda. Juma lijalo saa kama hizi tutazungumzia usingizi. Kwaheri kwa sasa.