Mbwa na Binadamu (Sehemu ya Nne): Deni la Asiyeweza Kuondoka

Wiki hii redio zetu za Dholuo zimekuwa zikiwakumbusha wenye mbwa katika kaunti za Homa Bay na Migori kwamba Septemba 28 inakaribia, siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa. Katika kipindi kimoja cha asubuhi wasikilizaji walipewa nafasi ya kupiga simu. Mzee mmoja wa kutoka Nyatike hakuuliza chanjo itatolewa wapi wala lini. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba mbwa wake anamshinda mkewe na wanawe wote wanne, kwa kuwa mbwa hajapata kumwacha hata siku moja. Mtangazaji akacheka, akaweka muziki.

Mimi sikucheka. Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, kwenye matanga, chini ya miti ya soko la Rodi Kopany, ndani ya matatu. Baada ya sehemu ya tatu ya makala haya nimeipata tena katika barua za wasomaji, safari hii ikisindikizwa na kisa cha Hachiko, mbwa wa Japani aliyemngoja bwana wake, profesa mmoja, kwenye stesheni ya Shibuya tangu bwana huyo alipofariki Mei 1925 hadi mbwa mwenyewe alipokufa Machi 1935. Barua karibu zote zinaishia mahali pamoja: mbwa alingoja miaka kumi, mke wangu hakungoja hata mwaka.

Asili ya mbwa tulishaieleza, pamoja na safari yake ya kufika Nyanza akiwafuata wafugaji, kwa hiyo sirudii. Leo nataka kushughulika na ulinganisho huo wenyewe, maana naona unawadhulumu wawili kwa mpigo: unamdhulumu binadamu anayesemwa, na unamdhulumu mbwa anayesifiwa.

Nianze na jirani yangu. Kijiji chetu kiko upande wa Awendo, katikati ya miwa, na ukitembea kidogo tu uko Ndhiwa. Jirani huyu aligombana na ndugu yake wa tumbo moja juu ya mpaka wa shamba, wakaacha kusalimiana. Mwaka huohuo akapata mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililolala, akamwita Wach Orumo, yaani maneno yamekwisha. Kila jioni alisimama kando ya ua wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe, akamwita mbwa wake kwa sauti ya kuvuka mpaka: “Wach Orumo! Wach Orumo!” Ndugu yake alikuwa upande wa pili akikamua ng’ombe. Ujumbe ulifika bila mtu kumsemesha mtu.

Lakini Wach Orumo mwenyewe hakuufuata ugomvi ule. Palikuwa na tundu chini ya ua, limelainishwa na mgongo wake kwa kupita mara kwa mara, na kila siku walipopika omena kwa ndugu yule, yeye alikuwa mlangoni pao, kidevu juu ya kizingiti, akingoja mabaki ya ugali. Watoto wa huko walimwita kwa jina lilelile na yeye akaitika. Nimewahi kumwona akilala mchana katika boma moja na kubweka usiku katika boma la pili. Kwa mbwa, wale wote walikuwa watu wake. Chuki ilikuwa imewekwa ndani ya jina lake na watu, naye akaibeba bila kujua.

Hivyo ndivyo tunavyomtumia mbwa tunapomsifu. Tunamfanya fimbo ya kuwachapia wenzetu.

Nyanya yangu alizaliwa Gwassi, akaolewa huku. Hadithi ya Nyamgondho aliisimulia kama mtu anayeeleza habari za jirani yake, kwa sababu ufuo wa Nyandiwa, unakoonyeshwa mti aliogeuka kuwa, ulikuwa karibu na kwao. Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini, alivuta wavu mzito akakuta mna bibi kizee. Akampeleka nyumbani, na kwa baraka ya yule mwanamke zizi likajaa. Kisha utajiri ukampanda kichwani, akarudi usiku amelewa, akamtukana kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke hakujibu. Aliinuka akarudi majini, na mifugo yote ikamfuata kwa mstari hadi wa mwisho. Nyamgondho akasimama ufuoni akiegemea fimbo yake, na hapo ndipo alipobaki.

Nilipokuwa na miaka kama minane nilimuuliza nyanya: na mbwa je, aliondoka na mwanamke au alibaki na Nyamgondho? Alinitazama kitambo, akasonga ugali, asinijibu. Nimelibeba swali hilo tangu wakati huo.

Jibu langu la leo ni kwamba mwanamke yule alifanya jambo ambalo mbwa hawezi. Alipima alichotendewa, akaondoka. Ndiyo maana miaka yote aliyokaa ilikuwa na thamani: alikaa akiwa na uwezo wa kuondoka. Mke anayevumilia ukata, au mwana aliyeko Nairobi anayekumbuka kutuma pesa za dawa, anachagua upya kila asubuhi, na siku akichoka ana miguu na ana mdomo wa kusema kwa nini. Mbwa hana hilo. Unampiga teke usiku, asubuhi anatikisa mkia. Unamfunga juani bila maji na bado anakubwekea mwizi. Hajakusamehe kwa hekima iliyomshinda mkeo. Hana boma la wazazi la kurudia. Anayesema mbwa ni bora kuliko mke kwa sababu mbwa haondoki, amekiri kwamba anamtaka mtu asiyeweza kuondoka. Nalisema hili kwa uzito wote, na wazee wenzangu wataniwia radhi.

Tena, tukifukua mwanzo wa urafiki huu, twakuta kwamba uaminifu wa kwanza tunaoweza kuushika mkononi ulitoka kwa mtu kwenda kwa mbwa. Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwani ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili.

Februari 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi. Ndani mlikuwa na mwanamume wa makamo na mwanamke kijana, juu yao udongo mwekundu, na pamoja nao mifupa ya mnyama. Kwa miongo mingi taya la mnyama yule lilihesabiwa kuwa la mbwa mwitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipolitazama upya wakatambua kwamba ni la mbwa wa kufugwa. Kaburi lina umri wa miaka 14,000 hivi. Mwaka 2018 meno yake yakachunguzwa kwa makini zaidi. Alikuwa mtoto wa mbwa, amekufa akiwa na miezi saba tu, na kwenye meno kulikuwa na mistari ya maradhi. Alipokuwa na majuma 19 alishikwa na distempa, ugonjwa uleule unaowamaliza watoto wa mbwa vijijini kwetu kwa kuharisha, kutapika na kutetemeka. Ugonjwa ulimrudia si mara moja, na kila mara alipona kwa muda.

Mbwa mdogo mwenye distempa hapati nafuu hivyo peke yake. Lazima apewe maji kidogo kidogo, apashwe joto, apanguswe matapishi. Mtu fulani alifanya hayo kwa majuma kadhaa, katika nchi ya baridi, watu wakiishi kwa kuwinda, kwa ajili ya mnyama asiyeweza kuwinda, kulinda wala kuvuta chochote. Hakuwa na faida hata ya punje. Wakamuuguza, akafa, wakamzika na watu wao.

Kwa upande wa mbwa pia kuna ushahidi wa mapenzi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa muda, oksitosini huongezeka kwa wote wawili, homoni ileile inayomfunga mama na kitoto chake. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu wachanga hawakuonyesha hali hiyo. Mbwa, basi, anatupenda kweli. Lakini kupendwa na asiyeweza kuondoka ni deni, na deni hulipwa.

Sasa nirudi kwa Wach Orumo. Mbwa mgeni alipita kijijini mchana akitoa udenda, akang’ata ndama, akapigana na mbwa watatu, Wach Orumo akiwa mmoja wao. Siku mbili baadaye vijana walizunguka na marungu wakawaua mbwa wote waliokuwa hawajafungwa. Yeye walimkuta kwenye tundu lake chini ya ua wa ojuok, nusu ya mwili upande huu na nusu upande ule. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa amechanjwa. Hakuwa amechanjwa. Chanjo ilikuwa imeletwa bure sokoni miezi michache kabla, mwendo wa nusu saa, na bwana wake, aliyemsifu mbele ya watu wote, alikuwa amesema jua ni kali.

Nafasi imenibana, kwa hiyo ya chanjo nayaeleza kwa ufupi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2014 unalenga kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa nchini ifikapo 2030, na hesabu yake ni nyepesi: wachanje mbwa asilimia 70 mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa pa kupita. Mfunge mbwa kamba imara, aletwe na mtu mzima anayemzoea, na kadi itunzwe pakavu. Aking’atwa mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Dalili zikishatokea kwa mtu, tiba hakuna.

Jumapili iliyopita nilimpitia jirani yangu. Amepata mtoto wa mbwa, mweusi mwenye kifua cheupe, kaletewa na mpwa wake, binti wa yule ndugu wa upande wa pili. Aliniuliza tarehe ya chanjo, akaiandika kwa kaa ukutani juu ya mlango wa jikoni. Nikamuuliza anamwitaje. Akasema bado hajampa jina.