MAHARAGI KWA NAMNA YA MEKSIKO: CHUNGU MOTONI, MOTO NJE YA NYUMBA

Ndugu msomaji, na wewe mama unayemtayarishia mume wako gamela ya kazi, leo ukurasa huu unaingia jikoni. Usishangae. Juu ya kofia ngumu, miwani na viatu vya usalama tumekwisha kusema mara nyingi. Lakini mtu anayefika kazini na tumbo tupu, au na kichwa kinachomzunguka kwa sababu usiku alilala pamoja na babula ndani ya nyumba, mtu huyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake wa posti. Kwa hiyo tuzungumze juu ya chungu cha maharagi, na juu ya moto ulio chini yake.

Utajibu: maharagi tunayajua tangu utoto, nani atatufundisha? Ni kweli. Lakini ujue kwamba maharagi haya hayakuzaliwa Afrika. Watu wa Meksiko na watu wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, waliyalima maelfu ya miaka kabla ya meli za Wazungu kufika kwao mwaka 1492. Nyuma ya hapo yalivuka bahari, na Wareno walikuwa kati ya wale walioyaleta kwenye pwani zetu. Hesabu vitu vilivyo juu ya meza yako: bukari ya mahindi au ya muhogo, sombe, tomati, pilipili, maharagi. Asili ya vyote hivyo ni Amerika. Ukipika kwa namna ya Meksiko, unapika tu kama wale waliokuwa wa kwanza kuyaonja.

Kule Meksiko kila upande una maharagi yake. Kusini, na kwenye pwani ya Veracruz, wanapenda meusi. Kaskazini, katika Chihuahua, Durango na Zacatecas, wanapenda yale yanayoitwa pinto. Neno hilo ni la Kispanyola, maana yake ni kitu chenye madoa, kama kilichopakwa rangi. Punje ya pinto ina rangi ya maziwa na madoadoa ya kahawia. Ikiiva, madoa yote yanapotea na chungu kizima kinakuwa rangi moja ya udongo. Usipoyapata sokoni, chukua maharagi yetu ya madoadoa, mapya ya mwaka huu ukiweza. Kazi ni ileile.

Na Zacatecas ingestahili kujulikana na watu wa kampuni kama yetu. Ni mji wa mgodi. Madini ya fedha yalivumbuliwa pale mwaka 1546, na mpaka leo yanachimbwa katika mkoa huo. Tena mkoa huohuo ni mmoja wa ile inayovuna maharagi mengi kuliko yote ya Meksiko. Mchimbaji na shamba la maharagi wamekaa jirani kwa karne nyingi. Yeye anayala pamoja na tortilya, mkate mwembamba wa mahindi. Wewe unayala pamoja na bukari. Mahindi na maharagi, jamaa ni moja.

NGUVU ZINATOKA WAPI

Mwili unajenga nyama yake kwa protini, na protini imefanyika kwa vipande mbalimbali, kama nyumba iliyojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja kinachoitwa lisini. Maharagi yanacho kwa wingi. Kwa upande wake maharagi yana upungufu wa kipande kingine, na mahindi yanakileta. Ndiyo sababu sahani ya bukari na maharagi inashibisha kuliko bukari na mchuzi mtupu, hata kama mwisho wa mwezi nyama haionekani nyumbani.

Gramu 100 za pinto makavu zina protini karibu gramu 21, nyuzi za kusafisha tumbo karibu gramu 15, na chuma karibu miligramu 5. Chuma hicho ni cha damu. Lakini chuma cha maharagi ni kigumu kuingia mwilini. Kinasaidiwa na ndimu, tomati na majani mabichi. Kinazuiwa na chai na kahawa. Basi kamulia ndimu kwenye sahani, na chai uinywe baadaye, si pamoja na chakula. Neno hili linamhusu zaidi mama mwenye mimba.

NAMNA YA KUPIKA

Jioni ya kwanza, mimina nusu kilo ya maharagi ndani ya lungo uyachague vizuri. Toa mawe, tupa yenye ukungu na yale yaliyotobolewa na wadudu. Osha, kisha yatie ndani ya maji mengi, yalale humo masaa 12. Asubuhi maji hayo uyamwage, usiyapikie kamwe. Maharagi yaliyolala majini yanaiva upesi, makala yanabaki, na sehemu ya ile sukari inayoleta upepo tumboni inakwenda pamoja na maji. Wenzako wa lifti ya mgodi watakushukuru.

Weka chungu motoni na litri 2 za maji mapya, maharagi, kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili, punje tatu za kitunguu saumu, na vijiko viwili vya mafuta. Watu wa Meksiko wanatia mafuta ya nguruwe. Asiyekula nguruwe atumie ya karanga. Ya mawese pia yanafaa, lakini ladha itakuwa ya kwetu, na sioni ubaya. Wanaongeza pia majani yenye harufu kali yanayoitwa epazote. Chungu kinaweza kuyakosa bila kuharibika.

Sasa sikiliza vizuri. Maji yakianza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu, yakipiga kelele, dakika 10 kamili bila kupunguza moto. Maharagi mabichi yana sumu ndani yake, inaitwa lektini. Maharagi mekundu yanayo zaidi, lakini yenye madoa nayo hayakosi. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumgonjesha mtu: baada ya saa moja mpaka tatu anatapika, anahara, tumbo linamkata. Wengi wanadhani wamelogwa au wamekula kitu kilichooza. Mara nyingi inapita baada ya masaa machache, lakini mtoto mdogo anaweza kupoteza maji mengi, na huyo apelekwe hopitali. Mchemko wa kweli unaiua sumu hiyo. Moto mdogo peke yake hauiui. Chungu kikikaa kwenye moto wa uvuguvugu, karibu digrii 80, sumu inaweza hata kuzidi ile ya punje mbichi. Yule anayeweka chungu juu ya makala yanayozimika, akaenda kulala akitumaini yataiva polepole mpaka asubuhi, anajitafutia taabu mbili. Ya kwanza ni hii. Ya pili tutaifikia.

Baada ya dakika 10 punguza makala, funika chungu na kuacha nafasi kidogo, upike saa moja na nusu mpaka mawili. Maharagi ya zamani yanaweza kutaka matatu. Maji yakipungua, ongeza maji ya moto, si ya baridi. Mama wa Meksiko anaweka birika pembeni kwa kazi hiyo.

Usichoke kungoja, hata urefu wa nchi unafanya kazi yake. Huko Muanda, kando ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 100. Lubumbashi, iliyo juu karibu mita 1.200, yanachemka kwa digrii 96 hivi. Zacatecas iko juu zaidi, karibu mita 2.400, na kule maji yanachemka kwa digrii 92. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kule zina sufuria ya presha, ambayo inaivisha maharagi yaliyolala majini kwa karibu nusu saa. Ukiwa nayo, usiijaze kupita nusu, kwa maana povu la maharagi linaweza kuziba tundu la mvuke. Wala usiifungue kabla mvuke haujaisha. Hiyo ni mashine ya presha kama zile za kazini, hata ikiwa ndogo.

Mama wengi wanasema chumvi inafanya maharagi kuwa magumu. Hapana. Vinavyoyafanya magumu ni uchungu wa tomati na ndimu, pamoja na maji yenye chokaa. Chumvi, vijiko viwili vidogo, itie katikati ya mapishi. Mwenye presha ya damu atie kidogo tu. Tomati zingoje. Kujua kama yameiva, chukua punje tano, siyo moja, uziponde kwa ulimi. Zote tano zipondeke.

Hapo unayo "maharagi ya chungu", chakula cha kila siku cha Meksiko, na mchuzi wake unanyweka kama supu. Ukitaka ya sikukuu, fanya kama wapanda farasi wa kule, wanaoitwa charros. Kwenye kikaango, kaanga vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi mpaka mafuta yatoke, tia kitunguu, pilipili mbili na tomati tatu zilizokatwa, acha zilainike, kisha mimina yote ndani ya chungu cha maharagi yaliyokwisha kuiva. Chemsha dakika 15. Juu yake nyunyiza majani ya kotmiri. Watu sita wanashiba pamoja na bukari.

MOTO NJE YA NYUMBA

Tumesema maharagi yanataka masaa mawili au matatu. Ni masaa ya kuwasha makala, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kuliko lektini. Wakati wa mvua babula inaingizwa ndani ili isizimike. Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, inaingizwa tena: chungu kiive, na watoto wapate joto. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa nguo.

Makala yakiwa mekundu hayatoi moshi, na mtu anasema moto umekuwa safi. Siyo safi. Unatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inaingia kwenye damu na kuishika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa hivyo haiwezi tena kubeba pumzi. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inakosa nguvu. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala haamki.

Ninyi wafanyakazi wa chini ya udongo hamhitaji kuelezwa sana, maana gesi hiyohiyo inatokea mgodini moto ukiwaka au baruti ikilipuka. Mwisho wa karne ya 19, mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza aliwashauri wachimbaji wa makaa ya mawe washuke na ndege mdogo ndani ya kizimba. Ndege akianguka, watu wanakimbia. Mwaka 1986 Uingereza iliamua kuondoa ndege hao na kuweka vyombo vya kupima. Sasa nyumbani kwako nani anapima? Baba haruhusiwi kuingia mahali pa gesi bila ruhusa ya kikosi cha usalama, naye jioni anafunga mlango na kulala na watoto wanne kando ya babula. Jambo hilo halina akili hata kidogo.

Kwa hiyo babula ikae nje, chini ya paa lililo wazi pande zote. Makala yawashwe nje, na yazimikie nje. Hata yakifunikwa na majivu, usiyaingize ndani: chini ya majivu bado yanapumua. Ukikuta mtu amelegea ndani ya nyumba yenye babula, usikae kuuliza maswali. Vuta pumzi ungali nje, fungua mlango na madirisha, mtoe mtu kwenye hewa, piga kelele majirani waje, mpeleke hopitali wapate kumpa oksijeni. Kama hapumui, mpulizie pumzi mlivyofundishwa kwenye masomo ya msaada wa kwanza. Hata akiamka na kusema amepona, mganga amwone, pamoja na wote waliolala ndani ya chumba kile. Mama mwenye mimba asikose, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaumia kabla ya mama.

GAMELA YA KESHO

Maharagi yaliyobaki yasilale ndani ya chungu cha uvuguvugu pembeni ya moto. Mikrobi wanapenda joto la namna hiyo. Yakipita masaa mawili yaende mahali pa baridi, kwenye friji kama unayo, ndani ya vyombo vifupi ili yapoe upesi. Kama huna friji, pika ya siku moja tu. Kwa posti ya asubuhi, chemsha tena mpaka yatoe mapovu, yajaze ndani ya gamela yakiwa ya moto, ufunike. Na wewe baba, kabla ya kufungua gamela, nawa mikono kwa sabuni. Vumbi la madini si kiungo cha mchuzi.

Siku ya pili watu wa Meksiko wanayaponda. Weka mafuta kidogo kwenye kikaango, kaanga kitunguu, tia maharagi na mchuzi wake kidogokidogo huku ukiponda kwa mwiko, mpaka yawe mazito kama uji wa mtoto. Wanayaita refritos, maana yake yaliyokaangwa vizuri. Yapake ndani ya mkate, ongeza pilipili, na mtoto wa shule naye amepata chakula chake cha saa ya mapumziko.