Je, Wajua? Maji ya Kijani Lamboni

…kwamba ule utando wa kijani unaotanda kwenye malambo ya Bariadi kiangazi kikikolea mara nyingi si majani? Ni bakteria, jina lao sianobakteria, wanaoishi kwa jua kama mmea. Mababu zao ndio walioanza kuipa dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Baadhi yao hutengeneza sumu.

…kwamba kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo? Hapa wengi tunajidanganya. Moto unaua vijidudu vya kuhara, lakini maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, haijali moto. Na maji yakipungua sufuriani, sumu inabaki palepale kwenye maji machache. Klorini nayo huweza kuwapasua bakteria hao, wakamwaga sumu yote ndani ya ndoo. Chota kwingine.

…kwamba mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa sababu maji ya mashine hizo yalikuwa na sumu hii?

…kwamba Mto Simiyu unaishia Ghuba ya Speke, ziwani Victoria, ukibeba udongo wa mashamba na samadi ya mifugo, chakula kitamu cha bakteria hawa? Sumu yao imeshapimwa Ghuba ya Mwanza, na upande wa Kenya imekutwa ndani ya dagaa. Sangara unampasua ukatupa matumbo. Dagaa tunamla mzima.

…kwamba heroe hula sianobakteria wa aina nyingine kila siku na kunenepa? Lakini mwaka 2004 walikufa wengi Ziwa Manyara na Momela, na watafiti wakaishuku jamii hiyohiyo ya chakula chao.

…kwamba bakteria hawa wana vifuko vya hewa? Maji yakitulia huelea, kisha upepo unawasukuma ukingo mmoja, na ng'ombe hunywea ukingoni. Mwaka 1878 George Francis aliandika jinsi mifugo ilivyokufa kwa kunywa maji kama hayo kando ya ziwa huko Australia, mingine ndani ya saa chache.

…kwamba mchungaji anacho kipimo mkononi? Chovya fimbo. Ikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa kawaida. Ikitoka imepakwa kijani kama mlango uliopigwa rangi jana, swaga ng'ombe upande upepo unakotokea.