Mavazi ya Muuza Maua Katika Majira ya Baridi

Ua likikatwa halifi papo hapo. Huendelea kuvuta pumzi na kuila ile akiba ndogo ya sukari iliyosalia katika bua na majani yake, na kila joto liongezekapo kwa nyuzi 10 za sentigredi, mwendo wa pumzi hiyo huzidi mara mbili au hata tatu, hata waridi ambalo lingedumu juma zima likanyauka kwa siku mbili tatu. Kwa sababu hiyo waridi huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na muuza maua wa nchi za kaskazini, ijapokuwa kazi yake ni ya dukani, hana budi kujisitiri sawasawa na mtu ashindaye nje, maadamu baridi iliyo afya kwa bidhaa yake ni maudhi kwa mwili wake. Yako maua yasiyoistahimili, kama okidi na anthuriamu, ambayo asili yake ni nchi za joto. Lakini hayo ni machache, wala hayamwondolei mwenye duka haja ya sweta.

Natutazame London. Soko la maua la mji huo lilikuwa Covent Garden, mahali palipopewa hati ya kifalme ya soko mwaka 1670 katika zama za Charles wa Pili, hata mwaka 1974 lilipohamishiwa Nine Elms, kusini ya mto Thames. Biashara yake ni ya kabla ya mapambazuko, na mwenye duka la mtaani huondoka kwake usiku ungali mzito, mwezi Januari, barafu nyembamba imetanda juu ya kioo cha gari, ili awahi kuchagua kabla vilivyo bora havijakwisha. Hulishika waridi chini ya kichwa chake, pale petali zinapoungana na kikonyo, akalibinya taratibu kwa kidole gumba na cha shahada: likiwa gumu ni jipya, likibonyea limekwisha kukaa siku nyingi. Kazi hiyo haifanyiki kwa glavu nene, na hapo ndipo taabu ya mikono inapoanza.

Akisharejea dukani humkabili safu ya ndoo. Kila bua huvuliwa majani yatakayozama, kwa kuwa jani lililozama huoza na kuyachafua maji, kisha hukatwa mshazari kwa kisu kikali na kutiwa majini upesi, kabla hewa haijaziba mirija yake. Maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa, takriban mara 25, na mkono uliolowa mlangoni penye upepo wa Desemba hupasuka ngozi katika siku chache. Na Desemba ndio mwezi wa makoja ya Krismasi, yanayofungwa kwa waya juu ya kuvumwani mbichi na matawi ya misonobari. Ikiisha, huingia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, ambapo waridi huuzwa zaidi kuliko siku nyingine yoyote. Msimu wa kazi kubwa na msimu wa baridi ni mmoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu pekee. Sehemu kubwa ya waridi hayo hutoka kando ya ziwa Naivasha, na watu wetu wanaoyafunga katika vyumba vya baridi, ilhali nje jua la ikweta linawaka, huvaa makoti mazito na buti vilevile, na wana haki ya kupewa yaliyo mazuri.

Ama mavazi yenyewe, huanzia mwilini. Fulana ya pamba haifai, maana pamba hunywa jasho na kulishikilia, mtu akisimama akapoa; ya sufu nyembamba ni bora, kwa kuwa sufu huweza kubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake pasi na mvaaji kuhisi amelowa. Juu yake huja sweta. Naipenda zaidi ile ya wavuvi wa kisiwa cha Guernsey, iliyofumwa kwa kubana hata upepo na rasharasha visipenye, ambayo mbele na nyuma yake ni sawa, ili viwiko vikichakaa igeuzwe na kuvaliwa upya. Kisha kizibao chenye bitana nene, kisicho mikono, kwa kuwa mkono mpana huzama ndooni na kunaswa na miiba. Shali ndefu ina dosari hiyohiyo. Kitambaa kifupi kilichofungwa shingoni chatosha. Glavu ziwe jozi mbili: za mpira, zenye sufu ndani, kwa ndoo, na za sufu zilizokatwa ncha za vidole, kwa kufunga mashada.

Umaridadi nao si anasa hapa. Mnunuzi ameingia kutafuta kitu cha kupendeza, na macho yake humwangukia muuzaji kabla ya kuangukia waridi. Rangi ya nili, kijani kizito na kahawia ndizo zinazofaa, kwani huficha utomvu na huyafanya maua yang'ae mbele yake, mradi chavua ya yungiyungi isiguswe kwa maji wala kwa kidole, bali inyanyuliwe kwa utepe wa gundi, la sivyo doa lake halitoki. Aproni ya turubai, iliyopigwa pasi na kukazwa kiunoni, humpa mtu heshima inayotosha.

Yabaki miguu. Sakafu ya saruji iliyolowa hunyonya joto kutwa nzima, na hakuna sweta itakayomponya mtu aliyeganda nyayo. Mwenye fedha ya kununulia kitu kimoja tu anunue buti zisizopitisha maji, zenye soli nene, kubwa kiasi cha kuingiza soksi mbili za sufu. Mengine yangoje mshahara wa pili.