'Yangu' ya mpangaji na 'yangu' ya mwenye nyumba

Wiki jana kijana mmoja mwandishi wa programu alinikuta ndani ya matatu pale Ruiru, nikielekea Thika kufundisha. "Shikamoo Prof. Nina swali la Kiswahili, si la kompyuta."

Lilikuwa la vyote viwili. Alikuwa ameunganisha maktaba ya picha iliyoandikwa kwa lugha ya C na programu yake ya Ruby, kwa ajili ya duka moja mjini Thika. Programu ilizima ghafla, leo mara tatu, kesho haizimi kabisa. Mwenye duka alikuwa amempa hadi Ijumaa.

Nikaangalia maelezo aliyoyaandika kando ya msimbo: "Kumbukumbu hii ni ya Ruby." Nikamuuliza, ni yake vipi?

Mpangaji wa Ruiru husema 'nyumba yangu'. Landilodi naye husema 'nyumba yangu', na hakuna anayedanganya. Kivumishi chetu kimilikishi hakiwatofautishi, ilhali mwenye haki ya kubomoa ni mmoja.

C, aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, humwachia mwandishi kuomba nafasi ya kumbukumbu na kuirudisha mwenyewe. Ruby ya Yukihiro Matsumoto, iliyotolewa 1995, ina mzoataka: kitu kisichoshikwa na kingine hufagiwa, tena kwa saa asiyoijua mwandishi. Ndiyo maana kuzima kule hakukutabirika.

Kijana alifungua picha kubwa, akachukua kipande chake, kisha msimbo ukaacha kuitaja picha. Kumbe kipande hakina kumbukumbu yake. Kinaelekeza tu ndani ya picha. Ni mpangaji. Mzoataka akaona ploti haina mtu, akaibomoa mpangaji akiwa ndani! Dawa ni kipande kiishike picha, yaani kimtajie mzoataka picha hiyo kila apitapo. Na amri ya kurudisha nafasi ipewe picha pekee; kipande nacho kikipewa, nafasi ile ile itarudishwa mara mbili, na hapo C huvurugika.

Nilimshauri aifute 'ya', aandike 'mwenye' na 'mpangaji'. Wenzangu watapendelea 'mmiliki'. Sawa tu, ingawa kwangu linanukia hatimiliki za mashamba. 'Kuazima' nililikataa katakata, maana kitenzi hicho hicho humhusu anayetoa na anayepokea.

Alhamisi alinipigia simu. Alikuwa amepata mahali pengine pawili ambapo mpangaji alikuwa amepewa amri ya kubomoa.