Flaksi Mbichi Chini ya Chipu

Risasi ya kulehemu haishiki shaba yenye kutu. Ukiiyeyusha juu ya shaba iliyokaa hewani hujikunja ikawa tone na kuteleza, kwa sababu hewa imekwisha kuivika shaba hiyo utando mwembamba wa oksidi. Ndiyo maana fundi wa simu, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, hakosi kikopo cha flaksi mezani. Flaksi huula ule utando, risasi ikakutana na shaba tupu, ikatandaa na kushika.

Flaksi ya asili hutokana na utomvu wa msonobari, kama ule unaogemwa katika shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Utomvu ukichemshwa ukatolewa tapentaini, kinachobaki ni rozini. Nayo ina tabia ya ajabu: ikipata moto huyeyuka na asidi yake huanza kazi, ikipoa huganda ikawa ngumu, haipitishi maji, na asidi yote imefungiwa humo ndani. Lakini rozini peke yake ni dhaifu, kwa hiyo watengenezaji huiongezea asidi nyingine, mara nyingi adipiki au suksiniki.

Zamani viwanda viliosha mabaki yote kwa CFC-113, kimiminika kilichosafisha vizuri mno na kutoboa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi, ilianza kukibana, na nchi tajiri zikakiacha kufikia 1996. Hapo ndipo zilipoenea flaksi zinazouzwa kwa ahadi kwamba hazihitaji kuoshwa.

Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina sharti ambalo wengi hawaambiwi: flaksi lazima iive. Katika tanuri la kiwandani, bodi nzima hupanda polepole hadi karibu nyuzi 245. Asidi nyingi huvukia au kuvunjika, na kidogo kinachobaki huzingirwa na rozini. Mezani kwa fundi mambo ni tofauti. Flaksi hupakwa nyingi, bloa huelekezwa kwenye chipu moja, na ile iliyotiririka pembeni hupata joto la kuilainisha tu. Inabaki mbichi, asidi yake ikiwa hai. Kisha huja kosa kubwa zaidi, nalo hufanywa kwa nia njema kabisa: kuifuta kwa mswaki na spiriti kidogo mpaka bodi ing'ae. Spiriti hiyo huyeyusha rozini iliyokuwa kinga, huiacha asidi wazi, na kuisukuma chini ya chipu pasipofikiwa na mswaki. Mara nyingine huacha unga mweupe. Kwa hiyo bodi iliyofutwa nusunusu inaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko ambayo haikuguswa.

Yanayofuata unaweza kuyaona kwa macho yako. Chukua kipande cha bodi ya zamani chenye njia mbili za shaba zilizokaribiana, unganisha volti 5, dondoshea tone la maji kati yake, kisha tazama kwa lenzi. Upande chanya, shaba huanza kuyeyuka, na ayoni zake huogelea kuelekea upande hasi. Huko hugeuka tena kuwa metali, na ndani ya dakika chache huota matawi membamba yenye umbo la unyoya, yakirudi kuelekea chanya. Yakigusa, ni shoti.

Ndani ya simu si lazima maji yamwagike. Asidi mbichi huvuta unyevu wa hewa, na kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja unyevu huo upo mwaka mzima. Betri inatoa karibu volti 4, na vitone vya risasi chini ya chipu ya kisasa huweza kupangwa kila milimita 0.4. Mbaya zaidi, tawi hilo ni jembamba kiasi kwamba mkondo ukipita huliunguza. Simu hujizima, ikifika kwa fundi inawaka, na mwenye simu huonekana msumbufu.

Hata viwanda vikubwa vilijidanganya kuhusu kipimo cha usafi wa bodi. Tangu miaka ya 1970 bodi ilioshwa kwa mchanganyiko wa alkoholi na maji, kisha uchafu ukapimwa kwa jinsi umeme ulivyopita katika mchanganyiko huo. Mpaka ulikuwa mikrogramu 1.56 za chumvi kwa kila sentimita ya mraba. Lakini huo ni wastani wa bodi nzima. Uchafu uliojikusanya chini ya chipu moja hupotea katika hesabu. Mwaka 2018 kiwango cha kulehemu cha J-STD-001 kiliacha kuikubali namba hiyo kama uthibitisho wa kutosha kwa kila bodi.

Anayeosha basi aoshe mpaka mwisho: alkoholi ya isopropili ya kutosha, bodi ikiinamishwa ili kimiminika kitoke na uchafu, kisha alkoholi mpya, si ile ile iliyokwisha kuchafuka. Suuzo la mwisho lichanganywe na maji yaliyokenekwa, maana chumvi hazitoki vizuri kwa alkoholi tupu. Na betri isirudishwe kabla chini ya chipu hapajakauka. Pasipo umeme matawi hayaoti.