Jiwe la figo limetoka, stenti je?

Mzazi, mtoto akikutwa na jiwe kwenye figo, si lazima apasuliwe ubavu kama zamani. Kamera nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo bila kuchana ngozi, leza ikavunja jiwe, na kikapu kidogo cha waya kikavuta vipande. Jiwe linalozidi sentimita 2 mara nyingi hutolewa kwa tundu dogo mgongoni.

Baada ya hapo daktari anaweza kuacha ndani mrija laini uitwao stenti, ili mkojo upite wakati uvimbe unapungua. Hapa ndipo wazazi wengine hujisahau. Mtoto anacheza, maumivu yameisha, tarehe ya kurudi inapita. Stenti ikikaa miezi mingi huganda chumvi kama birika la chai, huziba, na inaweza kuharibu figo. Kuitoa kwa wakati ni kazi ya dakika chache; ikichelewa, huenda mtoto akarudi chumba cha upasuaji.

Kabla ya kutoka wodini, uliza: ameachiwa stenti? Itatolewa lini? Weka tarehe hiyo kwenye simu yako. Akipata homa au akishindwa kukojoa, usisubiri tarehe. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo.